Iliki ya Ndayikunda

Hii niliambiwa na Winifrida wa Muyama, yule mwenye jino moja la mbele na sauti nzito kama ya mwanamume. Tulikuwa tunapura maharage kwake, mvua ikatukuta, tukajibanza ukutani, akaanza kusema. Yeye aliisikia kwa midomo ya wenyewe. Sogeeni hapa. Wewe usiegemee mlango, njoo ukae na mwenzako.

Basi pale Kagerankanda palikuwa na mwanamke anaitwa Epifania, mke wa Bazilio mrina asali. Ni miaka ile ya tisini, wakimbizi wanashuka kutoka Burundi, njia imejaa watu na magodoro. Epifania alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Niyubahwe, ana miaka miwili na kitu. Kabla ya huyo alizika wawili. Kwa hiyo huyu alikuwa hamweki chini. Analima naye mgongoni, anateka maji naye mgongoni, na kila akimshusha lazima amnuse utosini, fuu, kama mtu anayeonja mboga. Watu walikuwa wanamcheka. "Mama Niyubahwe, utamkwangua huyo mtoto kichwa kwa pua!"

Mvua za kwanza zilipoanza, dada yake akaja kutoka Kibondo alikoolewa. Jina lake Ndayikunda. Huyu dada ndiye aliyemlea Epifania baada ya mama yao kufa. Alimbeba mgongoni naye mwenyewe bado mtoto. Akashuka kwenye lori na kapu kubwa, ndani yake shina la iliki, na udongo wake, na mizizi yake, limefungwa kwa majani ya mgomba.

"Nimekuletea iliki, mdogo wangu. Waswahili pale mjini Kasulu wanaigombania, ya chai, ya pilau."

"Mawe, mama wee! Shina zima, dada? Si ungenikatia kachipukizi tu? Sasa wewe umebaki na nini?"

"Sikubakiza."

"Hata kimoja?"

"Kwetu jua kali. Huku mna kivuli." Alikuwa anaangalia chini.

Sasa nyinyi mnajua. Mtu akikupa mbegu, anakupa nusu, anabaki na nusu. Ukiomba viazi unapewa kamba mbili za kupanda, mwenye shamba anabaki na shamba lake. Nani anang'oa lote akakuletea? Epifania aliliona hilo, likamgusa kidogo, akaliacha. Ni dada yake.

Ndayikunda akazunguka nyuma ya nyumba na jembe. Akauliza, "Cha Niyubahwe mlikifukia wapi?"

Anauliza kitovu. Kwetu sisi kitovu cha mtoto kikishadondoka kinafukiwa kwenye shina la mgomba, na mgomba ule unakuwa wa mtoto. Mgeni haonyeshwi. Anajua mama, anajua bibi, basi. Lakini dada uliyekojoa mgongoni kwake, huyo ni mgeni?

"Ule pale, karibu na bafu," Epifania akasema.

"Vizuri. Maji ya kuoga yanamwagikia pale, hapakauki. Iliki inataka hapo hapo."

Akachimba mwenyewe, akapanda mwenyewe, akashindilia kwa kisigino. Midomo yake ilikuwa inacheza. Epifania alidhani anasali. Halafu ugali ukaiva, maharage yakaungwa kwa mawese, na Ndayikunda akasema lori linamngoja. Akaondoka na njaa yake. Niyubahwe alimnyooshea mikono, hakumbeba.

Iliki, wajukuu zangu, si kama muhogo, ukachomeka kijiti ukaenda zako. Haipendi jua la utosini, inakunjamana. Haipendi kiu, na haipendi pia kusimama kwenye maji, mizizi inaoza. Epifania aliipenda ile kazi. Aliifunika chini kwa majani makavu ya mgomba, akaondoa magugu kwa mkono maana jembe lingekata mizizi iliyo juu juu, akaiwekea samadi ya mbuzi iliyokwisha kupoa. Mwaka wa kwanza ikashika. Mwaka wa pili majani yakampita Bazilio urefu, ukiyasugua yananukia mkono mpaka jioni. Jirani yake Kuruthumu, ambaye mumewe alikuwa na kibanda cha nguo pale njiani, kila siku alikuwa anapita kuomba. "Shoga, nigawie kachipukizi." Epifania anasema, "Ngoja izae kwanza, isije ikachukia."

Ikatoa maua. Maua ya iliki hayakai juu kama ya mti mwingine. Yanatokea chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo, meupe, na ndani yana michirizi ya zambarau. Ukitaka kuyaona lazima upige magoti.

Siku ile ile Epifania alipoyaona, alipika migebuka. Mnaujua mgebuka ukikaangwa, hata aliye bondeni anajua mnakula nini. Aliuweka kwenye mafuta, mafuta yakalia, samaki akageuka rangi, na nyumba ikakaa kimya puani. Akainama kwenye sufuria. Hakuna. Akadhani ana mafua. Akaenda nyuma kumwaga maji, akasimama kwenye iliki, na pale harufu ilikuwa nyingi mpaka machozi yakamtoka. Kumbe pua ni nzima.

Kesho yake ni moshi. Kuni zinawaka, moshi unawasha macho, haunuki. Halafu nguo za Bazilio, asali yake, kinyesi cha mbuzi. Kimoja kimoja kinaondoka ndani ya nyumba ile, kama mtu anavyohamisha vyombo usiku bila kuaga. Na mchana, jua likiwa katikati na kila mtu yuko shambani, Epifania akawa anasikia kitu nyuma ya nyumba. Mtu ananusa. Anavuta pumzi ndefu, fuuuuu, taratibu, haitoi. Wewe ukivuta lazima utoe, si ndiyo? Kile kilikuwa kinavuta tu. Anazunguka mbio kuangalia, anakuta migomba imetulia, hakuna upepo, na majani ya iliki yote yamelala upande mmoja, upande wa nyumba, kama watu wanaosikiliza mlangoni.

Siku ya sita alimshusha Niyubahwe mgongoni, akainama kumnusa utosini, fuu. Akanusa tena, akamnusa shingoni, kwapani, akamvua kagauni akanusa tumbo, mtoto anacheka anadhani ni mchezo. Ilikuwa kama kunusa maji.

Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani, mtoto wangu hanuki? Wangesema mshukuru Mungu.

Walikuwa na mbwa, Bazilio alimwita Watasema. Mbwa yule alikuwa akilala miguuni kwa Niyubahwe. Sasa mtoto akimkaribia anasimama manyoya, anaonyesha meno, kama ameona mwizi. Kuku wanampita kama wanapita kigogo. Halafu Bazilio akarudi kutoka porini, amekaa siku nane kwenye mizinga, na ndoo ya asali. Akakaa kwenye kigoda, akakata vipande, akampa mkewe. Akamwangalia Niyubahwe aliyesimama mbele yake ameweka mikono tayari.

"Huyu mtoto wa jirani mpe kipande, aende kwao. Giza linaingia."

Epifania akacheka. Akangoja mumewe naye acheke. Bazilio alikuwa anafuta kisu.

"Baba Niyubahwe, unatania?"

"Natania nini?"

"Huyu ni nani?"

Mwanaume akamwangalia mtoto muda mrefu, jasho likamtoka juu ya mdomo, halafu ndiyo akashtuka kama mtu aliyeamshwa. "Ee Mungu. Niyu? Nilikuwa sikuoni vizuri, mwanangu. Ni jua." Jua lilikuwa limeshazama.

Lakini kilichomvunja Epifania si hicho. Ilikuwa mchana mmoja, miezi imepita na iliki imeshazaa, ameanika mihogo, wingu likaja kwa ghafla kutoka upande wa Burundi, akakimbia, akakusanya mihogo, akakusanya nguo, akaingiza mbuzi, akafunga mlango kwa komeo, akakaa chini kuhema huku mvua ya mawe inapiga bati. Akasikia mlango unagongwa, mdogo mdogo, chini kabisa.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Huna kwenu? Nenda kwa mama yako, mvua inanyesha!"

Na kile kisauti kikasema kwa kutetemeka, "Mama, ni mimi," na yeye amekaa pale kwenye kigoda anafikiri, maskini, huyu mtoto wa watu nani kamwacha nje, na anafikiri hivyo kwa muda gani hajui, mvua inapiga, mlango unagongwa, mpaka macho yake yakaangukia kigauni kidogo kilicho katika nguo alizoanua, akakishika, akakiangalia kila upande, ndipo kifua kikafunguka, akapiga yowe, akang'oa komeo. Niyubahwe alikuwa amesimama kizingitini, mawe ya mvua yamempiga mpaka damu inatoka sikioni, na nyuma yake, kwenye matope, pana alama ya kitu kilichokuwa kimekaa karibu yake kinamngoja.

Usiku ule alimfunga kwa kanga tumboni kwake, wakalala wamefungwa pamoja.

Kesho yake akachuma iliki zilizokuwa tayari, zile za kijani kabla hazijapasuka, akatia na zile alizokausha kivulini kwenye ungo, akaenda Kasulu na mtoto kifuani. Hakwenda kuuza. Alikuwa anataka mtu anayejua iliki. Palikuwa na mzee mmoja, mzee Gharibu, watu wake wa Ujiji, na kabla ya hapo pwani. Duka lake lilikuwa la viungo na ubani. Mzee akafungua mfuko, akaingiza pua kwanza kama anavyofanya siku zote. Akarudisha kichwa nyuma. Akaweka mfuko chini, mbali naye.

"Binti yangu, hii umelima wewe?"

"Mimi, mzee."

"Nusa."

"Mimi harufu zangu zimeharibika."

"Nusa nakwambia."

Akanusa. Iliki ilikuwapo, ndiyo. Nyuma ya iliki pakawa na migebuka. Nyuma ya migebuka moshi, jasho la Bazilio, asali, mbuzi. Na chini kabisa, pale pua inapokoma, pakawa na utosi wa Niyubahwe, maziwa na usingizi na vumbi. Mtoto wake wote alikuwa mle ndani ya mfuko. Epifania akaukumbatia mfuko ule, akalia dukani mbele za watu, na Niyubahwe mwenyewe ameshika kanga yake anamwangalia.

Mzee Gharibu akafunga mlango wa duka.

"Sikiliza. Kuna jini linakaa kwenye shina hili. Linakula harufu. Na harufu ya mtu ikiisha, hata aliyemzaa hawezi kumkumbuka akimwona. Atapita katikati ya watu wake kama upepo, mpaka siku moja linamchukua na hakuna atakayeuliza alikuwa nani. Nani alikuonyesha pa kupanda?"

"Dada yangu."

"Pana nini pale?"

Epifania akamgusa mtoto kitovuni. Mzee akatikisa kichwa.

"Kitovu."

"Nikichoma moto, mzee?"

"Ukichoma, kilichomo kinaungua pamoja nalo. Ukikata, unamkata mtoto. Halitoki kwenye kitovu kimoja mpaka lionyeshwe kingine. Na anayelionyesha lazima awe mtu aliyeaminiwa, aliyeonyeshwa mahali kwa moyo mweupe. Ndivyo wanavyopeana."

"Dada yangu hakujua."

"Labda," mzee akasema, na akamkunjia ubani kwenye karatasi bila kumwangalia usoni.

Akapanda lori siku hiyo hiyo, mpaka Kibondo. Utingo alitaka kumshusha mtoto njiani. Alisema kuna mtoto humu hana mwenyewe, na mama yake amemshika mkono.

Ndayikunda alikuwa anatwanga. Kwenye uwanja wake mwanawe Reverien, wa miaka saba, mnene, anakimbiza tairi. Mwaka juzi mtoto huyo Epifania aliambiwa ni mgonjwa, anaisha, hata majirani hawamkumbuki jina. Akamwita, akamvuta, akamnusa kichwa. Jasho, karanga, matope, mtoto mzima.

Mchi ukasimama hewani.

"Dada."

"Mdogo wangu. Karibu ukae."

"Ulijua?"

Ndayikunda akaweka mchi chini. Akapiga magoti pale pale kwenye pumba. "Nilipewa na wifi yangu. Nilimkaribisha kama ulivyonikaribisha wewe. Nilikaa na mtoto ambaye baba yake alikuwa anamfukuza uwanjani kwa fimbo. Ungefanya nini?"

"Ungekuja kuniambia."

"Ningekwambia, ungenionyesha pale?"

"Ulinibeba mgongoni, dada."

"Nilikubeba."

"Ndiyo maana nilikuonyesha."

"Ndiyo maana nilikuja kwako," Ndayikunda akasema, analia sasa. "Ningempata wapi mwingine anayeniamini hivyo?"

Hebu sikieni hilo. Winifrida alipofika hapo alianza kupura maharage yasiyokuwepo.

Epifania akasema, "Basi njoo ulichukue. Nionyeshe cha Reverien kiko wapi, nikurudishie mwenyewe."

Yule aliyekuwa amepiga magoti akasimama. Akachukua jembe. Hakulinyanyua, alilishika tu, akaenda akasimama mbele ya migomba yake. "Huko usifike. Nakupenda, lakini huko usifike." Halafu kwa sauti ndogo, kama anayempa mtu dawa, "Majirani huna? Si ulinitumia salamu kwamba yule Kuruthumu wako anaiomba iliki kila siku? Ana mtoto mchanga. Ukimwomba akuonyeshe, atakuonyesha. Usiwe mjinga, mdogo wangu. Mimi nilikuwa mjinga miezi mitano."

Epifania akarudi kwake. Na sitawadanganya, alikwenda kwa Kuruthumu. Alifukua kachipukizi kalikojiotea pembeni, bila kukata kitu, akakashika mkononi, akafika mpaka mlangoni. Kuruthumu akatoka na furaha. "Leo umenikumbuka, shoga! Kapande popote utakapo, njoo nikuonyeshe, njoo huku nyuma." Akamshika mkono amvute. Mikono ya Kuruthumu ilikuwa inanuka maziwa ya mtoto na sabuni. Epifania akasema kachipukizi kamenyauka, ataleta kengine, akakimbia.

Kulikuwa na sehemu nyingine moja anayoijua, ambayo alionyeshwa kwa moyo mweupe na bibi yake. Muyama, kwenye itongo la kwao, kiwanja cha wazazi kilichokuwa kimebaki na ukuta na migomba. Mama yao alifukia kitovu cha Epifania kwenye mgomba wa mwisho, karibu na mfereji. Na chake Ndayikunda humo humo, shina moja. Mama alitaka mabinti zake wasije wakatengana.

Epifania alijua. Msije mkasema hakujua.

Akang'oa shina zima mchana, saa ile ile ya jua la katikati. Alichimba mbali, akaenda chini, akainua polepole asikate mzizi, na kila alipovuta udongo alisikia ile pumzi nyuma ya shingo yake, fuuuuu, inavuta, inavuta, nywele zake zinasimama kuelekea nyuma, na hakugeuka, maana mzee Gharibu alimwambia ukigeuka utaliona lina uso wa mtu unayemwamini. Akalifunga kwenye majani ya mgomba. Akalibeba kichwani mpaka Muyama, siku nzima na nusu, na watoto wa njiani walimkimbia bila kujua wanakimbia nini. Akapanda. Akasema, "Hiki ni changu. Na hiki ni cha dada yangu." Akashindilia kwa kisigino.

Aliporudi, Niyubahwe alimkimbilia mlangoni. Akamwinua, akamnusa utosini. Moshi kidogo. Kesho yake, moshi na mawese. Siku ya tatu mtoto mzima alikuwa amerudi, na Watasema analala miguuni pake, na Bazilio anamrusha juu anamshika, "Niyu wangu, Niyu wangu." Epifania alikaa kwenye kigoda anawaangalia. Alikuwa amebakiwa na wiki kama mbili tatu hivi. Alizitumia zote. Alimnusa yule mtoto asubuhi na jioni mpaka akamkwaruza.

Halafu Watasema akaanza kumwonyesha meno yeye.

Halafu ikafika siku amerudi kutoka mtoni na ndoo kichwani, akamkuta Niyubahwe uwanjani, na mtoto akainamisha kichwa vizuri kama alivyofundishwa. "Shikamoo." Akakimbilia ndani. "Baba, kuna mgeni!" Bazilio akatoka, mwanaume mpole yule, akamtua ndoo.

"Karibu mama. Unamtafuta nani?"

Angeweza kusema. Ningesema mimi. Yeye alimwangalia mtoto mlangoni, mzima, ana mashavu, akasema, "Napita tu." Wakampa maji ya kunywa, akaenda.

Akaenda Muyama, kwenye itongo la kwao, akaezeka ukuta ule kwa nyasi. Mwezi haujaisha akaja mwanamke mwingine na kifurushi, miguu imevimba, ametoka mbali, upande wa Kibondo. Amefukuzwa kwake kwa upole. Akaomba pa kulala.

Wanakaa pale mpaka leo, wawili, wazee sasa. Wanalima pamoja, wanapalilia ile iliki kwa mkono, wanaifunika kwa majani makavu, mmoja anachuma mwingine anaanika. Jioni wanakula sahani moja. Na kila asubuhi mlango ukifunguliwa wanashtuka, wanaamkiana upya kama watu waliokutana njiani.

"Umetoka wapi, mwenzangu?"

"Mbali. Nilikuwa na dada yangu, aliniuza. Nikimwona leo sijui nitamfanya nini."

"Pole. Mimi nilikuwa na mdogo wangu. Nilimkosea sana. Namtafuta nimwombe msamaha."

"Utampata tu."

"Na wewe wako utampata."

Halafu wanachukua majembe.

Haya, basi. Taa inakunywa mafuta bure. Wewe mdogo sogea ukutani, mwachie dada yako nafasi. Njooni kwanza mmoja mmoja niwanuse vichwa, ndiyo mlale.